Altezza yenye 1JZ: linakata mafuta Moshi, Arusha halikati

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Ninaishi Moshi na ninamiliki Toyota Altezza AS200 ya mwaka 1999. Injini yake ya 1G-FE ilichoka, nikanunua nusu gari (kipande cha mbele cha gari lililokatwa) yenye injini ya turbo ya 1JZ-GTE na gia boksi ya R154, na fundi wa Arusha akaifunga vizuri. Baadaye alipandisha presha ya turbo hadi geji inasoma bar 1.0. Nikiwa Arusha gari linavuta bila shida, lakini nikishafika Moshi na kukanyaga mafuta hadi mwisho, linakata ghafla kama mtu amezima swichi, kisha linarudi. Fundi anasema ni joto la Moshi pamoja na "kufuli" waliloweka Wajapani ili magari yasizidi farasi 280. Ana kifaa kidogo cha kufunga kwenye waya za kontroli boksi (kompyuta ya injini) ili kuliondoa kufuli hilo, na baada ya hapo atapandisha presha hadi 1.2 kwa sababu huku kwetu hewa ni nyepesi. Je, nikubali?

JIBU: Usikubali, na hadi tutakapomaliza jambo hili ninakuomba uendeshe gari bila kuiamsha turbo.

Sitaingia kwenye habari za kuifunga injini yenyewe. Umechagua gia boksi inayofaa, kwa kuwa ile ya gia sita iliyokuja na AS200 haistahimili mvuto wa 1JZ-GTE kwa muda mrefu. Nimefurahi pia kwamba umeitaja tofauti ya Arusha na Moshi, kwa maana jibu limo humo humo na fundi wako amelipita bila kuliona.

Geji yako ya turbo huanza kuhesabu kutoka kwenye presha ya hewa iliyopo nje, mahali popote gari lilipo. Mjini Arusha, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, presha ya hewa ni kama kilopaskali 86. Moshi, ambako ni chini zaidi, ni kama 91. Na ukishuka hadi Tanga ni 101. Bar moja ni kilopaskali 100. Kwa hiyo geji inaposoma 1.0 Arusha, ndani ya manifoldi (mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini) mna presha kamili, yaani ya hewa ya nje pamoja na ya turbo, ya 186, ilhali mshale huo huo ukisimama hapo hapo Moshi mna 191. Sensa ya presha ya 1JZ-GTE haiangalii geji yako; yenyewe hupima presha kamili na kuipeleka kwenye kontroli boksi, na kontroli boksi ina kikomo ambacho kikivukwa hukata petroli. Arusha uko chini kidogo ya kikomo hicho, Moshi umekivuka. Joto halihitajiki hata kidogo katika maelezo haya, na ungeliendesha gari hilo Tanga kwa presha hiyo hiyo ya geji lingekata mapema zaidi.

Sasa nije kwenye neno "kufuli", ambalo ninalisikia kila wiki na ambalo limeniletea gerejini injini nyingi zilizokufa kuliko uzee na uchakavu. Ni kweli kwamba watengenezaji wa magari wa Japani walikuwa na makubaliano ya kutotangaza gari lenye zaidi ya farasi 280, makubaliano yaliyodumu hadi 2004, na 1JZ-GTE ilitangazwa kwa farasi hao 280. Kutokana na ukweli huo mdogo, watu wamejenga imani kubwa kwamba nguvu nyingine imefichwa ndani ya kontroli boksi na inasubiri mtu wa kuifungulia. Kontroli boksi haina nguvu ya kuficha. Nguvu hutoka kwenye uzito wa hewa inayoingia, petroli inayolingana na hewa hiyo, na uwezo wa petroli hiyo kuvumilia mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati wake. Kule kukata petroli unakokulalamikia kuliwekwa na mhandisi aliyejua nozeli zake (vinyunyizio vya petroli) zinamudu hadi wapi, na aliyejua kwamba siku moja mpira wa westigeti (vali inayozuia presha ya turbo isizidi) utachomoka na presha itapanda bila mtu kuizuia. Kwako mpira haujachomoka. Fundi ameipandisha kwa mkono, na ulinzi umefanya kazi yake.

Naomba nikueleze kile "kifaa kidogo" kinafanya nini, kwa sababu wanaokiuza hawaelezi. Kinakaa kwenye waya wa sensa ya presha na kuzuia volti isipande kupita kiwango fulani. Tuseme kimefungwa kwenye 180. Turbo ikifikisha 191, kontroli boksi inaambiwa 180. Ikifikisha 211, ambayo ndiyo bar 1.2 ya hapo Moshi, bado inaambiwa 180. Injini inapewa petroli ya hewa ya 180 huku ikivuta hewa ya 211, yaani hewa imezidi kwa asilimia 17. Kama mchanganyiko ulikuwa sehemu 11.8 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, jambo ambalo ni salama chini ya presha ya turbo, sasa unakaribia 13.8. Wakati huo huo plagi zinapigwa moto mapema kwa kufuata mzigo wa uongo, ilhali mzigo wa kweli ungetaka moto uchelewe. Petroli imepungua, moto umewahi na presha imepanda, vyote kwa wakati mmoja na kwa sababu ya waya mmoja.

Kinachofuata ni mlipuko wa ghafla ndani ya silinda. Baada ya plagi kuwasha, mchanganyiko uliobaki pembeni haungoji moto uufikie, bali hujilipua wenyewe na kuipiga pistoni kama nyundo. Watu wengi wanadhani wataisikia injini ikigonga na watawahi kuachia mafuta. Kwenye mizunguko 5,500, na ekzosti kubwa ikinguruma, hutasikia chochote. Niliwahi kuletewa 1JZ iliyovutwa kutoka Kikatiti, mwenye gari akiamini kwamba ni gasketi ya silinda hedi tu. Nilichomoa plagi ya silinda ya nne nikaigeuza kwenye mwanga wa dirisha: kauri yake nyeupe ilikuwa imenyunyiziwa vipunje vinavyong'aa, vidogo kuliko chembe za chumvi, na hiyo ilikuwa alumini ya pistoni. Tulipofungua, ukingo kati ya ringi ya kwanza na ya pili ulikuwa umemeguka kipande cha ukubwa wa ukucha. Kifaa tulikikuta ndani ya mkungu wa waya, kimeviringishwa tepu nyeusi kwa ustadi mkubwa. Mwenye gari hakuwa akijua kwamba kipo.

Hoja ya hewa nyepesi nayo imegeuzwa kichwa chini. Turbo hulipia hewa nyepesi kwa kuzunguka kwa kasi zaidi, na kasi hiyo ina gharama. Kwenye usawa wa bahari, presha ya kiwandani ya takriban bar 0.7 inamaanisha turbo inazidisha hewa mara 1.7. Arusha, ili kupata 1.2 kwenye geji, inabidi izidishe mara 2.4, kazi ambayo kwenye usawa wa bahari ingekuwa bar 1.4. Hewa inayotoka ni ya moto zaidi, na kama nusu gari yako ni ya kabla ya 1996, ile yenye turbo mbili, magurudumu ya upande wa ekzosti ni ya kauri na huvunjika yanapolazimishwa hivyo. Lingine ni hili: gari lililorekebishwa Arusha peke yake halijawahi kufikia presha kamili litakayokutana nayo ukisafiri kwenda Tanga, ambako 1.2 ya geji ni 221, kwa hiyo sehemu hiyo ya ramani ya petroli (jedwali ambalo kontroli boksi hulifuata kugawa petroli) hakuna mtu aliyeipima.

Kwa upande wako, rudisha presha kwenye 0.7. Hapo ulipo, injini hiyo bado itakuwa na nguvu karibu mara mbili ya 1G-FE uliyoitoa, iliyokuwa na takriban farasi 160 tu na iliyokuwa ikipoteza nyingi zaidi kwa mwinuko. Kama presha itaendelea kupanda yenyewe baada ya kurudishwa, kagua mipira ya westigeti, na pia ekzosti kama ilibadilishwa, kwa maana ekzosti iliyo wazi sana huipandisha turbo bila kuambiwa. Pia hujanieleza kuhusu pampu ya petroli. Mafundi wengi huiacha ile iliyokuwa kwenye tangi, iliyokusudiwa injini isiyo na turbo, na kwenye presha ndogo itaonekana inatosha. Ithibitishe kwa kupima presha ya petroli wakati injini inabeba mzigo, maana ukipima gari likiwa limesimama utapata picha nzuri isiyo ya kweli.

Ukitaka zaidi ya hapo, njia ipo, nayo ni kontroli boksi inayopangika, sensa ya presha inayosoma hadi kilopaskali 300, nozeli na pampu zinazolingana na lengo lako, na kipimo cha mchanganyiko kwenye ekzosti, kile mafundi wanachokiita waidibendi. Fundi aanze kwenye presha ya chini kabisa ya westigeti, apande kidogo kidogo, na kila hatua aisome kwenye rekodi. Ramani iliyoletwa kwenye flashi, ambayo mtu aliitengenezea gari lake huko Japani kwa petroli ya daraja la juu isiyopungua oktani 96, usiipokee hata ukipewa bure. Fundi asiye na waidibendi, anayekwambia anatyuni kwa sikio na harufu ya moshi, mlipe kazi aliyokwisha kuifanya na uondoe gari. Mara nyingi huyo ndiye pia atakayeitoa thamostati (vali inayodhibiti joto la maji ya injini) "ili injini ipoe", na kontroli boksi ikidhani injini ni ya baridi itamwaga petroli ya ziada inayoosha oili kwenye kuta za silinda, nawe utalaumu ringi.

Namba ya injini kwenye kadi ya gari yako haifanani tena na iliyofungwa, kwa hiyo peleka taarifa TRA na kwa kampuni yako ya bima kabla ya kusafiri mbali.

Na yeyote anayenunua Altezza, Mark II au Chaser iliyokwisha kubadilishwa injini, fungua eneo la kontroli boksi kabla ya kutoa pesa. Fuata waya wa sensa ya presha kwa vidole kutoka kwenye manifoldi hadi kwenye plagi ya kontroli boksi. Ukikuta umekatwa na kuunganishwa upya, au una uvimbe uliofunikwa tepu, dai kipimo cha mgandamizo wa silinda zote sita kabla ya kuzungumza bei.