Jibu: Baba anataka nisome udaktari, mimi sitaki

Pole sana, mdogo wangu. Unasema baba ameshakujazia fomu ya udaktari ilhali wewe unapenda usanifu wa majengo. Usikubali kimyakimya. Udaktari ni miaka 5 au 6 ya masomo, kisha mazoezi hospitalini na zamu za usiku. Nilisoma na kijana aliyelazimishwa. Mbele ya maiti ya mafunzo mikono ilimtetemeka hadi kisu kikamponyoka. Aliacha, ada ikiwa imeshalipwa. Hata Charles Darwin, mwanasayansi maarufu wa viumbe, alipelekwa na babake Edinburgh, Uskoti, mwaka 1825 asomee udaktari, naye akauacha. Mtafute shangazi au mjomba ambaye baba humsikiliza, mkae wote watatu, uwaonyeshe michoro yako. Fanya hivyo kabla fomu haijatumwa.