Jibu kwa aliyeuliza kuhusu pikipiki ya matope kutoka Marekani

Usitume hiyo pesa leo. Umeandika kwamba umepata Ujiji pikipiki ya matope iliyotumika, iliyotengenezwa kwa soko la Marekani, na kwamba muuzaji amekutumia picha ya tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, ikionyesha kuwa haina tangazo la kurejeshwa kutengenezwa kwa ajili ya kasoro ya usalama. Kisha ukauliza kuhusu bei, tairi za masika na vipuri. Picha kama hiyo ndiyo iliyonilaza wiki sita nikiwa na mtulinga uliovunjika.

Niliinunua yangu kwa shilingi 5,200,000 kutoka kwa dalali mmoja wa hapa Kigoma, ambaye hadi leo nikimwona sokoni Mwanga ninavuka barabara, si kwa kumwogopa bali kwa kumhurumia. Aliingiza namba ya chesisi mbele yangu, tovuti haikuleta tangazo lolote, akanipongeza, nami nikajipongeza. Hakuna kati yetu aliyejiuliza kama tumebisha hodi kwenye nyumba yenyewe. NHTSA inashughulikia vyombo vilivyoundwa kwa ajili ya barabara za umma. Pikipiki iliyoundwa kwa ajili ya porini tu iko chini ya CPSC, tume ya nchi hiyohiyo inayosimamia usalama wa bidhaa za kawaida, vikiwemo vitanda vya watoto. Tulichofanya ni sawa na kumtafuta mgonjwa aliyelazwa hospitali ya Maweni katika daftari la kituo cha polisi, tukakosa jina lake, kisha tukawatangazia ndugu kwamba amepona.

Ndani ya kosa hilo kulikuwa na jingine. Dalali alikuwa ameinakili namba kwenye kipande cha boksi, na katikati yake palikuwa na herufi O. Namba za chesisi zenye herufi na tarakimu 17 hazitumii kabisa I, O wala Q, kwa sababu zinachanganywa na 1 na 0. Kwa hiyo namba tuliyoihakiki haikuwa ya pikipiki yoyote duniani. Nina stashahada, naomba isitajwe mahali popote.

Miezi miwili baadaye, nikiteremka njia ya mashamba ya kahawa huko Kalinzi, niliachia mkono wa mafuta na injini ikaendelea kuvuta. Mara mbili kabla ya hapo ulikuwa umechelewa kurudi, na fundi alikuwa ameupaka grisi waya wake akasema ni vumbi. Badala ya kubonyeza swichi nyekundu ya kuzimia, nilikazana na breki ya mbele kwenye udongo uliolowa. Mti mmoja wa kahawa ulinipokea vizuri kuliko nilivyostahili.

Nikiwa kitandani ndipo nilipoisoma orodha ya matangazo ya CPSC na kulikuta toleo langu, mwaka wangu na kasoro yangu, pamoja na maelekezo ya kuacha kuiendesha mara moja na kuipeleka kwa wakala ikatengenezwe bila malipo. Wakala wa karibu hayuko Kigoma, hilo tunalijua sote, lakini kama ningejua kabla ya kulipa, ningeiacha palepale. Nilipompigia dalali, alijibu kwamba matangazo hayo ni ya Wamarekani. Mkono wa mafuta haukuniuliza uraia.

Kwa hiyo nenda Ujiji mwenyewe, ukiwa na kitambaa na tochi. Futa tope kwenye shingo ya chesisi, pale usukani unapozungukia, kwa kawaida upande wa kulia, usome namba iliyogongwa kwenye chuma, si iliyoandikwa kwenye kadi wala kwenye ujumbe wa simu. Kwa pikipiki za soko la Marekani, alama ya kumi, ukihesabu herufi na tarakimu zote, inaonyesha mwaka wa toleo. H, kwa mfano, ni 2017, na muuzaji akikuambia 2020 utajua unazungumza na nani. Kisha tafuta toleo na mwaka huo katika orodha ya CPSC, na uipeleke namba yenyewe kwa mtengenezaji, kwa sababu mara nyingi tangazo huhusu fungu fulani tu la namba. Majibu yakichelewa, pesa yako haitaoza.

Kuhusu tairi, chukua zenye meno marefu yaliyoachana. Vipuri sikumbuki ulitaka vya nini. Piga picha ya hiyo shingo uiweke hapa, nitaisoma pamoja nawe. Herufi O ninaitambua hata gizani.