Majibu kwa Wasomaji: Nchi ya Watamili Iliyomezwa na Bahari

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka hapa Kondele, Kisumu. Jirani yetu mwenye duka, ambaye wazee wake walitoka Tamil Nadu, kusini mwa India, alimsimulia kijana wangu kwamba zamani watu wake walikuwa na bara kubwa liitwalo Kumari Kandam, lililoanzia ncha ya India likafika hadi Madagaska na Australia, na kwamba bahari ililimeza pamoja na miji yake. Kijana alipotafuta kwenye simu alikuta ramani zinazoliita bara hilohilo Lemuria. Je, bara hilo lilikuwapo? Na kama halikuwapo, ramani hizo zimetoka wapi?

JIBU: Bara la namna hiyo halikuwapo. Hata hivyo, jirani yenu hakumdanganya kijana, kwani alimsimulia jambo ambalo watu wake wamelihifadhi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Tatizo ni kwamba simulizi lililomfikia kijana limeunganisha mambo mawili, moja likiwa mapokeo ya kale ya Watamili na jingine likiwa dhana ya mtaalamu Mwingereza wa karne ya 19, na ni lazima tuyatenganishe ndipo kila moja lipate haki yake.

Tuanze na mapokeo. Ufafanuzi wa kale wa kitabu cha kanuni za ushairi wa mapenzi, Iraiyanar Akapporul, unaeleza kwamba wafalme wa ukoo wa Pandya walisimamia mabaraza matatu ya washairi, yaitwayo Sangam. Baraza la kwanza liliketi katika Madurai ya kusini kwa miaka 4,440, na miungu ilikuwa miongoni mwa wajumbe wake. La pili liliketi Kapatapuram kwa miaka 3,700. Miji yote miwili ikachukuliwa na bahari, ndipo baraza la tatu likahamia Madurai tunayoijua leo na kudumu miaka 1,850. Utenzi mkuu wa Silappatikaram nao unasema kwamba bahari iliumeza mto Pahruli pamoja na milima ya Kumari, na mfalme wa Pandya akajifidia kwa kuitwaa Ganga na Himalaya huko kaskazini. Karne nyingi baadaye mfafanuzi wa utenzi huo, Adiyarkunallar, aliihesabia nchi iliyopotea majimbo 49 yaliyopangwa saba saba, yakiwamo majimbo saba ya minazi. Mto Pahruli wenyewe unatajwa pia katika shairi moja la mkusanyo wa Purananuru, ambamo mshairi anamwombea mfalme wake miaka mingi kuliko chembe za mchanga wa mto huo.

Ukiyasoma masimulizi haya kwa makini utaona kwamba kinacholiliwa zaidi ni vitabu. Wafafanuzi wanataja kazi za mabaraza ya kwanza ambazo hakuna aliyezisoma tena, na wanaiheshimu sarufi ya Tolkappiyam kama urithi uliosalimika kutoka baraza la pili. Kilio hicho kina msingi. Miswada ya Kitamili iliandikwa kwenye majani ya mvumo, ambayo huliwa na wadudu na kuoza, kwa hiyo kazi isiyonakiliwa upya kila baada ya vizazi vichache hupotea kabisa. Kufikia karne ya 19 tenzi zilizokuwa fahari ya lugha hiyo zilikuwa zimesahauliwa hata na wasomi wengi, hadi watu kama U. V. Swaminatha Iyer walipozunguka wakiikusanya miswada iliyobaki, kuilinganisha mstari kwa mstari na kuichapisha. Silappatikaram aliitoa mwaka 1892. Kwa maoni yangu, anayeicheka hekaya ya nchi iliyozama bila kuijua hasara hiyo hajaielewa.

Sasa Lemuria. Mwaka 1864 mtaalamu wa wanyama Philip Sclater alikuwa akitafuta sababu ya lemuri, wanyama wa jamii ya kima, kujaa Madagaska ilhali jamaa zao wa mbali, wakiwamo komba tunaowasikia wakilia usiku katika misitu yetu, wanapatikana Afrika na India. Akapendekeza kwamba zamani kulikuwa na bara lililoziunganisha nchi hizo, naye akalipa jina kutokana na wanyama hao. Kwa wakati wake hilo lilikuwa wazo la busara, kwa sababu wataalamu walidhani kwamba mabara hayasogei, na njia pekee waliyoiona ya kumvusha mnyama baharini ilikuwa nchi kavu iliyozama baadaye. Mwanabiolojia Mjerumani Ernst Haeckel akaongeza kwamba huenda binadamu wa kwanza walitokea huko, na mwaka 1888 Helena Blavatsky, mwandishi wa mambo ya kiroho, akaligeuza bara hilo kuwa sehemu ya mafundisho yake ya siri.

Dhana hiyo iliwafikia wasomi wa Kitamili wakiwa chini ya utawala wa Waingereza, katika kipindi ambacho lugha yao ilidharauliwa mbele ya Kiingereza na Kisanskriti. Basi walipoona kwamba wanasayansi wa Ulaya wenyewe wanazungumzia nchi iliyozama kusini mwa India, wengi wao waliona kwamba vitabu vya wazee wao vimethibitishwa. Hapo ndipo mito na majimbo ya Adiyarkunallar yalipochorwa juu ya bara la Sclater, na ramani alizoziona kijana wako zimetokana na muungano huo. Hata serikali ya Tamil Nadu iligharimia filamu kuhusu Kumari Kandam, ikaonyeshwa Madurai mwaka 1981 katika mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa Kitamili.

Sayansi ilikwisha kuiacha Lemuria. Mabara husogea, na India ilitengana na Madagaska takriban miaka milioni 88 iliyopita, wakati ambapo hapakuwa na binadamu, sembuse mshairi. Kuhusu lemuri, wataalamu wengi wanaona kwamba mababu zao walivuka kutoka Afrika juu ya mafungu ya mimea yaliyoelea, kama vile visiwa vya mafunjo na gugu maji vinavyosukumwa na upepo katika Ghuba ya Winam.

Jambo moja ni la kweli: takriban miaka 20,000 iliyopita, barafu ilipokuwa imefunika sehemu kubwa ya kaskazini ya dunia, bahari ilikuwa chini kuliko leo kwa mita 120 hivi, na mtu angeweza kutembea kwa miguu kutoka India hadi Sri Lanka. Ardhi hiyo ilifunikwa maji polepole, kizazi baada ya kizazi. Lakini ilikuwa ukanda wa pwani tu, usiofika popote karibu na Australia.

SWALI: Nilisoma kwamba bara lililopotea limegunduliwa chini ya Mauritius. Je, hilo si Lemuria? Msomaji, Nakuru.

JIBU: Sivyo. Mwaka 2013 na 2017 watafiti walitangaza kupata Mauritius chembe za madini ya zirkoni zenye umri mkubwa mno kuliko kisiwa chenyewe, nyingine zikikaribia miaka bilioni 3, ilhali miamba ya kisiwa hicho haizidi miaka milioni 9. Inaelekea kuwa kuna kipande cha bara la kale kilichobaki chini ya volkano wakati Madagaska na India zilipoachana. Kipande hicho hakikukaliwa na watu.

SWALI: Sisi wa Kendu Bay tuna ziwa la Simbi Nyaima. Je, hekaya yetu ni sawa na ya Watamili? Msomaji, Homa Bay.

JIBU: Zinafanana kwa kuwa maji yanafunika makao ya watu, lakini makusudio ni tofauti. Kwenu inasimuliwa kwamba bibi kizee alifukuzwa kijijini watu wakila na kunywa, mama mmoja tu akamhurumia, ndipo kijiji kikadidimia na mama huyo akaokoka. Hiyo ni hukumu kwa waliomnyima mgeni. Kwa Watamili bahari haimwadhibu mtu. Inachukua tu, na wanaobaki wanahama na kuanzisha baraza jipya. Kijiolojia, Simbi ni ziwa la kreta lililotokana na volkano, na maji yake ya magadi huwavutia heroe. Watamili nao wana mahali ambapo maji yalimeza makao ya watu katika zama zetu: mji wa Dhanushkodi, kwenye ncha inayoelekea Sri Lanka, uliharibiwa na kimbunga cha Desemba 1964, na magofu ya kanisa lake yangali yamesimama mchangani.