Datsun 240Z ya 1972 au Mazda MX-5 ya 1991?

Ndugu, umeuliza gari lipi kati ya haya mawili litakufaa hapo Tabora. Chukua Mazda, mradi krankshafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) iwe nzima. Datsun ni tamu kweli, silinda 6, injini ya cc 2,393, ila kabureta zake mbili (vifaa vya kuchanganya hewa na petroli) lazima zisetiwe zilingane, na vumbi la kiangazi huzisumbua. Kutu hujificha sakafuni na chini ya betri. Gongagonga kwa bisibisi. Mazda inatumia nozeli za kupulizia petroli badala ya kabureta, haina usumbufu huo. Fungua boneti injini ikiunguruma, tazama puli ya krankshafti (gurudumu la mkanda lililo mbele yake): ikiyumba, krankshafti ni mbovu, achana na gari hilo. Kisha zima uhesabu mianya ya puli. Ikiwa minne, ndiyo krankshafti ile ya mwanzo yenye ugonjwa huo. Ikiwa minane, ni imara zaidi. Mkanda wa taimingi (unaozungusha valvu zifuatane na pistoni) usio na rekodi ya kubadilishwa, badilisha kabla hujasafiri.