Maswali ya Wasomaji: Filamu Isiyo na Haraka

SWALI: Asalaam alaikum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari hapa Wete. Nilipokuwa Unguja wakati wa likizo, binamu yangu alituonesha filamu ya Kiirani ya Abbas Kiarostami kuhusu mtoto anayetafuta nyumba ya mwenziwe, na haikufika hata nusu saa kila mtu alikuwa ameshika simu yake. Binamu anashikilia kuwa ni miongoni mwa filamu bora duniani. Je, tulikosa kutazama nini? Na zile filamu za makala zina usanii gani, ikiwa kazi ya mwongozaji ni kupiga picha mambo yaliyopo? Nauliza kwa sababu nataka kuwaonesha wanafunzi wangu.

JAWABU: Waalaikum salaam, Mwalimu. Filamu hiyo ya mwaka 1987, ijulikanayo kwa Kiingereza kama Where Is the Friend's House?, haina mkasa mkubwa, na ndivyo Kiarostami alivyokusudia. Ahmad amechukua daftari la mwenziwe kwa bahati mbaya, na mwalimu wao amekwisha kuonya kwamba mtoto huyo akija tena bila ya kazi yake daftarini atafukuzwa, kwa hiyo Ahmad anatoka kijijini kwao Koker na kupanda kilima kwenda Poshteh kumtafuta. Mkiitazama tena, wategeeni sikio watu wazima. Mama anaelezwa habari ya daftari mara kadhaa, naye kila mara anamwambia mtoto afanye kazi yake ya skuli, huku akimtuma hiki na kile. Babu anamwagiza sigara, na Ahmad akishaondoka kamera inabaki na mzee, ambaye anamweleza rafiki yake kuwa sigara anazo. Anachotaka ni mtoto azoee kutii. Sisi tuliolelewa kwa kutumwa dukani hatuhitaji kufafanuliwa hapo. Mwongozaji angeweza kumfuata mtoto, lakini alichagua kubaki na mzee, na katika chaguo kama hilo ndimo usanii wake ulimo.

Swali lako la pili ni zito zaidi, kwani mwenye kutengeneza makala naye huamua asimame wapi, akate wapi, na picha ipi aifuatishe na ipi. Mfano wa karibu ni Darwin's Nightmare, filamu ya Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria, iliyotoka mwaka 2004 ikihusu biashara ya sangara jijini Mwanza. Ndani yake tunaona ndege kubwa zikiondoka na minofu kwenda Ulaya, na tunaona mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki, yakianikwa katika uchafu. Filamu ilisifiwa sana ng'ambo na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, ilhali mwaka 2006 Rais Kikwete aliikosoa hadharani kuwa imeichafua nchi. Mapanki yalikuwepo na ndege zilikuwepo. Ugomvi ulikuwa juu ya kile mtazamaji anachoaminishwa pale picha hizo zinapowekwa bega kwa bega, pamoja na tuhuma kwamba ndege hizo huleta silaha. Mimi naihesabu kuwa kazi yenye nguvu kubwa, ingawa juu ya silaha naona imedokeza zaidi ya ilivyothibitisha. (Waliopendezwa nayo na waliochukizwa nayo, aghalabu, walikuwa wakizitazama picha zile zile.)

Kwa wanafunzi, nisingeanza na Iran. Anza na Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi na kuielekeza kamera kwenye Zanzibar ya miaka ya 1950. Wasome kwanza sura chache za riwaya, kisha watazame, na waandike ni kipi mwongozaji amekiacha na kwa nini. Wakiweza kulijibu hilo, wapeleke Koker. Na ikiwa skuli ina uwezo wa nauli ya boti, tamasha la kimataifa la filamu la Zanzibar (ZIFF), ambalo limekuwa likifanyika Unguja tangu mwaka 1998, huonesha Ngome Kongwe filamu za nchi nyingi, na waongozaji wenyewe mara nyingi huwapo kuulizwa maswali.