Mgomba wa chunguni kwenye nchi ya baridi

SWALI: Niko Leicester, Uingereza. Nataka mgomba wa chunguni utakaozaa ndizi za kula. Muuzaji ananishauri Musa basjoo, ati hauogopi baridi. Niuchukue?

JIBU: Kwa kivuli na majani, sawa. Kwa ndizi, hapana: huo hurefuka hata mita 3 na zaidi, na ndizi zake ni mbegu tupu. Chukua Dwarf Cavendish, unaofika mita 2 hivi. Dari ikiwa fupi, Super Dwarf Cavendish, mita 1 na kidogo. Majani ya Dwarf Cavendish mchanga huwa na madoa ya rangi ya damu ya mzee.

Anza na chungu cha lita 10, umalizie na cha lita 50, chenye matundu chini. Acha chipukizi moja tu.

Uingize ndani kabla usiku haujashuka nyuzi 10. Chini ya nyuzi 14 haukui, na hapo ndipo wengi huuua kwa maji: udongo baridi uliolowa huozesha tunguu, yaani shina nene la chini ya udongo. Mwagilia pale tu udongo unapokauka sentimita 5 za juu. Hita nayo hukausha hewa na kuleta utitiri, vijidudu vinavyofyonza majani. Pangusa majani upande wa chini. Mkungu? Bila chumba chenye joto na mwanga, usiutarajie.