Jani haliwi tayari mpaka povu liishe

Juzi nilikuwa likizo nyumbani Mwanga, hapa Kigoma, nikaacha chupa ya jamu kwenye dirisha la jikoni. Ndani yake kulikuwa na jani moja la spinachi limelowa kwenye maji ya sabuni. Siku ya sita lilikuwa limeshapauka, linapitisha mwanga, mishipa yake inaonekana hadi ile myembamba kama nywele. Mpwa wangu wa kidato cha tano akaliinua juu, akauliza, "Mjomba, sasa hapa ndipo seli za mtu zinaota?" Nikamwambia bado sana. Swali hilohilo huulizwa na kila anayeingia maabara yetu, ambako tunaosha jani hadi seli zake ziishe ili kuta zinazobaki ziwe kiunzi cha kuoteshea seli za binadamu, na wengi huja kuumia palepale nilipoumia mimi, kwa hiyo naliandikia.

Seli nyingi za mwili haziishi zikielea. Zinataka mahali pa kushika, na sahani ya plastiki huzipa uwanja tambarare tu, wakati mwilini zimezoea kona, vitundu na njia za damu. Ndiyo maana watu wakageukia viunzi ambavyo mimea na wanyama wameshavijenga. Mwaka 2014 kundi la Andrew Pelling kule Ottawa, Kanada, lilionyesha kwamba vipande vya tofaa vilivyoondolewa seli zake vinaweza kuoteshwa seli za panya na za binadamu. Mwaka 2017 watafiti wa Worcester, Massachusetts, wakatumia jani la spinachi: walipitisha maji kwenye mishipa yake, wakatandika ndani yake seli za kuta za mishipa ya damu ya binadamu, na juu ya jani wakaweka seli za misuli ya moyo zikawa zinadunda. (Spinachi ya sokoni kwetu mara nyingi ni ndugu wa biti. Kwa mazoezi haina neno, na mchicha pia umo katika ukoo huohuo.)

Mtu akishasikia habari ya moyo kudunda kwenye jani, anakimbilia seli. Kazi kubwa iko kwenye kuosha. Sabuni tunayotumia ni sodiamu dodesili salfeti, ileile iliyomo kwenye dawa nyingi za meno. Inayeyusha mafuta ya ngozi ya seli, seli inapasuka na kumwagika, linabaki ghala tupu la selulosi, yaani kile kinachojenga kuta za mmea. Tatizo ni kwamba sabuni haibagui seli ya jani na seli yako.

Mwaka wangu wa kwanza, kwenye maabara moja mbali na nyumbani, niliosha vipande vyangu mara tatu nikaona nimefanya kazi ya maana. Nikapanda seli Ijumaa jioni. Jumatatu, sahani zote tatu: seli zimejikunja viduara, zinaelea kama chenga. Nikalaumu seli, nikalaumu chakula cha seli, nikataka kulaumu hata inkubeta, kabati la joto la kuoteshea seli. Fundi mmoja mzee wa pale hakusema kitu. Alichukua maji yangu ya mwisho ya kusuuzia, akayatia kwenye tyubu, akaitikisa. Povu likapanda kidole kizima.

Nilikasirika zaidi kwa sababu jambo hili nilishafundishwa utotoni. Bibi yangu Kasulu alikuwa akiloweka mihogo michungu siku kadhaa, na hakuna mtoto aliyethubutu kumharakisha, kwa kuwa sumu ya muhogo haitoki kwa kusuuza. Kiunzi nacho ni vivyo hivyo. Badilisha maji mara nyingi, acha kilale humo usiku kucha, kisha kipitishe kwenye maji ya kloridi ya kalsiamu, ambayo husaidia kung'oa mabaki ya sabuni yaliyong'ang'ania. Tikisa tyubu. Likitokea povu, rudia. Lisipotokea, ndipo uende kwenye spiriti ya asilimia 70 ya kuua vijidudu, kisha kwenye maji yenye chumvi za fosfeti, na mwisho ukilaze kwenye chakula chenyewe cha seli kabla ya kupanda.

Hata kikitakata, selulosi haina mahali ambapo seli ya mnyama imezoea kushika. Wengi hukipaka kwanza kolajeni au fibronektini, protini za mwilini ambazo seli hizo huzishika. Kumbuka pia kwamba mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuvunja selulosi, kwa hiyo kiunzi cha mmea ukikiweka mwilini kitakaa. Kwa kazi nyingine hiyo ni faida, kwa nyingine ni balaa. Amua mapema ya kwako ni ipi.

Vijana wa hapa huniuliza kuhusu samaki, na ni haki yao, maana magamba na ngozi zinazotupwa mwaloni Kibirizi zimejaa kolajeni. Wazo ni zuri, ila angalia joto. Inkubeta inakaa nyuzi 37. Kolajeni ya samaki wa bahari za baridi kama yule aitwaye kwa Kiingereza "cod" hulegea kwenye nyuzi 15 hivi, ya ng'ombe huvumilia hadi karibu 40, na ya samaki wa maji ya joto kama perege iko katikati, karibu kabisa na mpaka. Usipoikaza kwa kemikali za kuunganisha nyuzi zake, utafungua inkubeta ukute uji. Na ile ngozi ya perege ambayo madaktari wa Fortaleza, Brazili, waliifunika juu ya majeraha ya moto ni bandeji. Usiichanganye na kiunzi cha kuoteshea seli.

Kwenye darubini ya mwanga wa rangi, ambapo seli hutiwa rangi ili zing'ae, mmea wenyewe nao hung'aa. Nimewahi kuhesabu "viini" vya seli ambavyo vilikuwa kuta za jani. Siku hizi kila sahani yangu ina kishimo chenye jani lisilo na seli, na kingine chenye seli zisizo na jani, na ninavitazama hivyo kwanza kabla sijafurahia kitu.

Kama huna maabara, chupa ya jamu inatosha kuanzia. Nunua maji ya betri dukani, yale maji safi, na uhakikishe hujapewa asidi. Tumia sabuni ya maji ya vyombo na tone la jiki la kung'arishia. Jiki usiichanganye kamwe na siki wala asidi, gesi yake inaunguza mapafu. Mpwa wangu sasa ana chupa nne dirishani, mama yake analalamika hana pa kuanikia vijiko, na ya tatu bado inatoa povu.